Aliyewakutanisha Ndiye Mwenye Dhamana

Samaki wa mtoni hachagui majirani, lakini anaweza kuwakimbia. Akichokozwa chini ya jiwe hili huhamia lile. Akikuta kidimbwi kimeshikwa na wababe hufuata mkondo hadi apate pa kutulia. Samaki wa kwenye tangi hana mkondo wa kufuata. Amezungukwa na kioo pande zote, yuko na wenzake ambao hakuwaomba, na atakayeletwa kesho ataletwa bila yeye kuulizwa. Lolote litakalotokea humo ndani, liwe amani au vita, lilianzia kwenye mkono wa mtu aliyefungua mfuko akawamimina.

Ninafuga samaki sebuleni kwangu hapa Isiolo mjini, na riziki yangu naipata kwa chaki. Nimeishi na shughuli hizi mbili kwa muda wa kutosha kuona kwamba zinauliza swali lile lile: nani anaweza kukaa na nani, na ni kazi ya nani kulijua hilo mapema? Wageni wakiketi mbele ya tangi huuliza bei, huuliza bili ya stima, huuliza kama samaki hawa huliwa. Wakishatazama kwa dakika chache, mmoja wao husema: "Na hawa wote wanapatana?" Jibu langu ni kwamba kupatana hakumo ndani ya samaki peke yake. Kumo katika maji, chakula, nafasi na maficho, na vyote vinne vimo mikononi mwa mwenye tangi.

Maji ndiyo ya kwanza. Mji wetu umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, pale mteremko wa Mlima Kenya unapoishia na joto la kaskazini kuanza. Maji mengi ya visima virefu ni magumu: birika huota ukoko mweupe, na sabuni hukataa kutoa povu. Kwa mfuaji nguo hiyo ni kero, lakini kuna samaki ambao maji ya namna hiyo ndiyo wanayoyataka. Gapi, moli na soditeli hustawi katika maji yenye madini. Mbuna wa Ziwa Nyasa na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika vilevile. Lakini tetra neoni, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaowaka, ambaye kila mtoto humnyooshea kidole, asili yake ni vijito vya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Ukimtia katika maji magumu mara nyingi hafi siku hiyo. Hufifia rangi polepole, hupoteza hamu ya kula, na ugonjwa wa kwanza ukipita unaondoka naye. Mwenye tangi husema samaki alikuwa dhaifu. Samaki hakuwa dhaifu. Alikuwa ugenini bila msaada.

Ndiyo maana mimi humwambia kila anayetaka kuanza: yajue kwanza maji uliyo nayo, kisha utafute samaki wa maji hayo. Wengi hufanya kinyume. Humpenda samaki kwa sura, kisha hutumia miaka na fedha kupigana na maji yao wenyewe.

Joto nalo lina sheria zake. Samaki wa dhahabu, ambaye watu hudhani anafaa kila mahali, ni samaki wa maji ya baridi kidogo, na uchafu wake ni mwingi. Gapi anataka vuguvugu. Kuwaweka pamoja ni kumtesa mmoja ili mwingine astarehe. Tena maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo alasiri ya Februari, stima ikikatika na pampu ya hewa ikinyamaza, tangi lililojaa samaki kupita kiasi huanza kuhema kabla ya lile lenye wachache. Utawaona wote wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji. Wakati huo hata wapole hugombania nafasi. Ugomvi mwingi ninaouona tangini si wa tabia mbaya. Ni wa pumzi.

Kuna pia sumu isiyoonekana. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hawauzwi pamoja na tangi. Huota wenyewe kwenye mawe na kichungio, na huchukua kati ya wiki nne na sita kutosha. Katika maji ya pH 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huwa karibu mara kumi ya ile ya maji ya pH 7, hivyo sisi wa maji magumu yenye pH ya juu hatuna ruhusa ya kuwa na pupa. Tangi likionekana safi siku ya kwanza, usafi huo ni wa macho tu. Halijaiva. Kuleta kundi zima siku hiyo ni kuwaalika watu harusini kabla ya moto kuwashwa jikoni.

Wengine huniuliza kama ni haki kuweka samaki katika mji ambao maji hununuliwa kwa mtungi. Ni swali la haki, na aliyeishi hapa wakati misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, tangu mwishoni mwa mwaka 2020, hawezi kulipuuza. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54. Maji ninayoyatoa kila wiki nikibadilisha huenda moja kwa moja kwenye sukuma wiki, na ile naitreti iliyokuwa mzigo kwa samaki huwa mbolea kwa mboga. Na tangi kubwa kuliko uwezo wangu wa maji silinunui.

Baada ya maji huja ukubwa, yaani ukubwa wa kesho. Kijana wa jirani alinijia akitaka nimsaidie kuagiza oska kutoka Nairobi, wale samaki wa Amerika Kusini wanaomtambua mwenye kuwalisha na kumfuata kwa macho. Alikuwa ameonyeshwa mmoja mwenye urefu wa kidole.

"Mwalimu, huyu ni mdogo tu, na ni mpole. Atakaa na gapi wangu."

Nikamwambia, "Mwanangu, huyo si mdogo, ni mtoto. Akikua atafika sentimita 30, sawa na rula yako ya shule. Na chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula."

"Kwa hivyo ni mkatili?"

"La. Ana njaa, na ana mdomo mkubwa. Ukatili utakuwa wa yule aliyejua hayo na bado akawaweka pamoja."

Alikaa akifikiri, kisha akauliza ni samaki gani wanaobaki wadogo. Nilifurahi kuliko kama angeniuliza lolote lingine. Tunapopima nani akae na nani, tunatazama walivyo siku ya kukutana. Biashara za ubia, ndoa, hata urafiki wa vijana, huanza watu wakiwa wa kimo kimoja. Mwenye busara huuliza: huyu akishakua, huyu naye atabaki na nafasi?

Somo lililonishangaza zaidi linahusu kufanana. Tumezoea kusema ndege wafananao huruka pamoja, na mtu angedhani samaki waliotoka mto mmoja wataelewana. Enjelifishi na tetra neoni wote wawili ni wa Amazon, wanapenda maji yale yale. Na enjeli akishakomaa humla neoni kama dagaa. Kutoka kwao kumoja hakujamwokoa mdogo. Upande wa pili, mtazame mbuna. Dume wa mbuna akishateka jiwe lake, humvumilia samaki wa umbo na rangi tofauti anayepita karibu. Anayemkabili kwa hasira zote ni dume mwenzake wa aina yake, au wa aina nyingine anayefanana naye rangi. Beta naye, ambaye Waswahili wa sokoni humwita samaki mpiganaji, hukaa kwa amani na samaki wengi watulivu wasio na mikia mirefu, lakini dume mwenziwe hawezi kumwona bila kutunisha mapezi. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sababu si kwamba wanatofautiana. Sababu ni kwamba wote ni fahali, na wanataka kitu kile kile.

Nimelitafakari hilo nikiutazama mji huu. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na wengine wengi waliofuata barabara, jeshi na biashara. Panapotokea umwagaji damu huko malishoni, magazeti huandika kwamba makabila hayapatani, kana kwamba tofauti ya lugha na mavazi ndiyo iliyofyatua risasi. Mimi naona wafugaji wanaofanana mno. Wanapenda mifugo kwa namna moja, wanaisubiri mvua ile ile, wanautegemea mto ule ule wa Ewaso Nyiro, na kiangazi kikikaza wote huelekea kwenye nyasi zile zile. Hakuna tofauti ya utamaduni inayogombanisha watu kama haja moja isiyotoshelezwa.

Dawa ya jambo hilo wafugaji wenyewe waliijua zamani, na ndiyo hiyo hiyo ninayoitumia tangini. Boma lenye ngamia, mbuzi na ng'ombe haliliwi na vita vya chakula, kwa sababu ngamia huchuma juu ya migunga, mbuzi hupekua vichaka, na ng'ombe na kondoo hufuata nyasi. Ngamia hukaa wiki na zaidi bila kunywa, ng'ombe hawezi, kwa hiyo hata siku zao za kisimani si moja. Tangini nami hupanga kwa ghorofa. Juu, gapi wanaookota chakula kinachoelea. Katikati, wanaoogelea kwa kundi, wasiopungua sita, maana samaki wa kundi akiwa peke yake huishi kwa hofu, na hofu humfanya ama ajifiche ama awaume wengine. Chini, wale wa ndevu wanaochakura mchangani. Kila mmoja ana meza yake, na mapezi hubaki mazima.

Ghorofa pekee hazitoshi ikiwa tayari kuna mwenye nchi. Mgeni akiingizwa kwenye tangi ambalo kila jiwe lina mwenyewe, hufukuzwa kutoka kona hadi kona. Nimemwona moli jike mgeni amejibana nyuma ya kichungio, mapezi yamekunjwa, rangi imemtoka, matamvua yakipiga haraka haraka, huku chakula kikipita mbele yake naye haoni ila adui. Wafugaji wa mbuna wana njia wanayoiamini: siku ya kumleta mgeni, yapange mawe upya. Bomoa pango la zamani, hamisha gogo, washibishe waliopo, zima taa, ndipo umwingize. Kukicha, wenyeji nao wanatafuta pa kukaa, na mgeni ni mmoja tu kati ya wanaotafuta.

Njia hiyo niliichukua nikaipeleka darasani. Mwanafunzi mpya akija katikati ya muhula, simpi kiti kilichobaki nyuma karibu na mlango. Nabadilisha viti vya darasa zima siku hiyo. Wananung'unika, kisha wanaanza kuulizana majina ya majirani, na yule mpya hana tena alama ya upya. Mzigo wa kukaribisha hauwezi kubebwa na anayekaribishwa peke yake. Wenyeji lazima nao wasogee.

Kuna samaki, hata hivyo, ambao hawapaswi kuchanganywa, na heshima kubwa unayoweza kuwapa ni kuwaacha na wa aina yao. Mmoja wao ni wa kaunti yetu, na wachache hapa wanamjua. Anaitwa Nothobranchius bojiensis, jina alilopewa na wanasayansi mwaka 1992 kutokana na tambarare za Boji, katika bonde la Ewaso Nyiro. Samaki wa ukoo huu huishi kwenye madimbwi ya mvua. Mvua ikinyesha mayai huanguliwa, samaki hukua kwa wiki chache tu, madume huvaa rangi za kung'aa na majike hubaki na rangi ya udongo. Hutaga ndani ya tope, kisha dimbwi hukauka na wote hufa. Mayai hubaki ardhini, chini ya kwato na vumbi, yakingoja mvua nyingine. Tilapia hawezi maisha hayo. Kwa hiyo samaki huyu mdogo amekuwa mwenye nyumba mahali ambapo karibu samaki wengine wote hawathubutu. Wafugaji wa ukoo huu duniani huwapa tangi lao peke yao, dume mmoja na majike kadhaa, kwa sababu madume hugombana na umri wao ni mfupi mno kupotezwa kwa misukosuko. Wapo watu wa namna hiyo pia. Kutaka kuwa peke yao tusikuite kiburi. Mwanafunzi anayesoma vizuri akiwa kwenye kona yake, mzee asiyetaka kuhamishwa mjini kwa mwanawe: wape tangi lao.

Ukitaka kuona gharama ya kutouliza haya yote, usitazame sebule ya mtu. Litazame Ziwa Viktoria. Ziwa hilo lilikuwa na mamia ya aina za furu, samaki wadogo, wengi wao wa kimo cha kiganja. Walikuwa wamegawana ziwa kwa ustadi kuliko mpangaji yeyote: wengine walikwangua mwani kwenye mawe, wengine walivunja konokono, wengine walikula wadudu, wengine walikula vifaranga vya wenzao. Kuanzia miaka ya 1950 sangara, ambaye Kisumu huitwa mbuta, aliletwa humo. Nia haikuwa mbaya. Waliomleta walitaka samaki wadogo wenye miiba wageuke kuwa samaki mkubwa wa kuuzika, na kweli viwanda vya minofu vilijengwa kuzunguka ziwa na watu wengi wakapata kazi. Lakini sangara anaweza kukaribia urefu wa mita mbili. Katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na aina nyingi za furu hazikuonekana tena. Maji nayo yalikuwa yakichafuka kwa mbolea na udongo, na mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika maji yenye ukungu majike hawawezi kutofautisha rangi za madume, kwa hiyo hata aina zilizosalia huanza kuchanganyika. Baadhi ya furu wamerudi tangu sangara alipovuliwa kwa wingi, na aina chache zimetunzwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Wengi hawana pa kurudi.

Furu hawakushindwa kuishi na sangara kwa sababu ya udhaifu wa tabia. Sangara hakuwa mwovu. Kulikuwa na mkono uliomtia, na haukuuliza akikua atakuwa mkubwa kiasi gani. Kwa ajili hiyo siwezi kumsamehe mtu anayechoka na samaki wake akaenda kuwamwaga mtoni, akijiona mwenye huruma. Kamba wekundu wa Louisiana waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na leo wamo pia katika mfumo wa Ewaso Nyiro. Mto wetu umeshabeba wageni wa kutosha.

Na mkono huo haufanyi kazi majini tu. Hapa kwetu kuna jarsa dedha, wazee wa Kiborana wanaopanga malisho: haya ya masika, haya ya kiangazi, haya yasiguswe hadi ukame mkali. Mtu akija na mashine na nia njema, akachimba kisima katikati ya malisho ya akiba bila kuwauliza wazee hao, amefanya nini? Amewaita ng'ombe wa pande zote mahali pamoja, wakati mmoja, kwenye nyasi zilizokuwa zikingoja siku mbaya. Damu ikimwagika hapo, tutahesabu waliobeba bunduki, na ni haki wahesabiwe. Lakini aliyewakutanisha naye ana fungu lake katika hesabu hiyo.

Najua mtu si samaki. Mbuna hawezi kuketi na mwenziwe chini ya mti wakaamua jiwe liwe la nani asubuhi na la nani jioni. Mtu anaweza, na kaskazini hii mikutano ya namna hiyo imeokoa roho nyingi. Uwezo huo unaongeza wajibu wetu, haupunguzi. Kama mwenye tangi anapaswa kuuliza kuhusu maji, chakula, nafasi na maficho kwa viumbe wasioweza kujibu, basi mwenye bweni, mwenye kiwanda, mwenye nyumba za kupanga na mwenye kugawa visima hana udhuru hata mmoja, kwa sababu wale anaowakutanisha wana midomo. Angewauliza, wangemwambia.

Na kama tayari wamekutanishwa na mmoja anaumizwa? Mkono wa kwanza humwendea anayeumia: tunamtoa, tunamweka kwenye ndoo, tunamhurumia. Wafugaji wazoefu wa samaki humtoa mwonevu. Humtenga kwa siku kadhaa kwenye kisanduku cha wavu; akirudi, jiwe lake limeshachukuliwa, wengine wameshazoea kuogelea katikati, naye analazimika kuanza upya kama mgeni. Ukimtoa mnyonge, mbabe hubaki na ufalme wake na kesho hutafuta mnyonge mwingine. Shuleni tumezoea kumhamisha bweni mtoto anayepigwa, na mpigaji kubaki kwenye kitanda chake. Tubadilishe hilo muhula huu. Anayeonea ndiye anayehamishwa.